Karkade ya Lilly, Mikono ya Erifazi

Karkade yenyewe Namutebi angeivumilia. Ni maua makavu tu, unachemsha, maji yanakuwa mekundu, na hapa Juba hakuna asiyeijua. Alichoshindwa kuvumilia ni maji ya kunawa.

"Anamnawisha," Milly, mteja wake wa kila siku, alimwambia, ameinamia meza ya hoteli. Sauti aliishusha, lakini si sana, maana sisi wa meza ya pili tulisikia kila neno. "Mimi iko nimeona na macho yangu. Bwana yako anakaa, anatoa mikono namna hii, na Lilly anashika birika anammwagia. Sabuni anampa. Anammwagia tena. Polepole, nyabo. Polepole!"

Namutebi alikuwa anapakua matoke. Mwiko ukasimama hewani.

"Na wateja wengine? Nao anawanawisha?"

"Hao sijui. Mimi nilikuwa naangalia wa kwetu."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kwao Namutebi, Masaka kule Uganda, mwanamume akinawishwa na mwanamke, mwanamke huyo ni mke wake au ni binti yake. Na Lilly hakuwa binti wa Erifazi.

Nieleze vizuri. Hoteli ya Namutebi iko soko la Custom, nyuma kidogo ya stendi ya bodaboda, mabati pande tatu na turubai upande wa barabara. Ukitaka kujua nani kaoa, nani kahamishwa nyumba mtaa wa Hai Jalaba, lori la nani limekwama Nimule, unakuja kula hapo. Mchana hupati hata pa kuweka goti. Watu wanakula wamesimama, wanacheka, wanagombania chumvi, na yeye katikati na kitambaa chake begani, anamjibu huyu, anamkaripia yule. Redio yake ilikufa zamani na hakuwahi kuihitaji.

Mtu mmoja tu alikuwa ameacha kuja mchana, na pengo lake Namutebi aliliona kuliko vichwa vyote vilivyojaa mle ndani. Mume wake.

Erifazi anauza mananasi ng'ambo ya barabara, pale malori ya Uganda yanaposhushia. Mtu mrefu, mpole, anasalimia hadi mbuzi. Kutwa anamenya na kukata, vipande anavitia kwenye mifuko, maji ya nanasi yanamtiririka hadi viwiko. Nyuki wanamjua. Mwaka jana alianza kukojoa sana na kukonda, akaenda kliniki moja Hai Amarat, wakamwambia ni sukari. Wakampa tembe, moja asubuhi, ameze na chakula. Soda, basi. Chai ya sukari, basi.

Sasa hiyo chai ya sukari uielewe kwa namna ya hapa. Juba sukari inatangulia kwenye glasi. Mtu hakuulizi. Unapewa glasi yako, chini kuna tabaka la sukari nene kama kidole, chai imemwagiwa juu. Na chai ya Namutebi ilikuwa na sifa kwa tabaka hilo. Aliposikia habari ya kliniki, akaanza kumpa mumewe chai kavu, bila sukari. Erifazi aliitazama ile glasi kama mtu aliyeletewa wito wa polisi, akainywa nusu, kesho yake akahamia kwa Lilly.

Lilly ni wa hapa hapa, ila amekulia Uganda, kambini Adjumani, kwa hiyo Kiswahili chake ni kama chetu, na Kiarabu cha Juba anakimwaga vilevile. Mama yake alikufa na sukari huko kambini. Tangu hapo Lilly akawa haachi semina ya afya impite, na aliporudi akafungua banda la chai karibu na mananasi ya Erifazi. Karkade kavu, tangawizi, mdalasini. Sukari hakuna. Wateja wake ni wale wazee wenye sukari, wenye presha, na wenye kuogopa kuvipata.

"Hii rangi nyekundu mnaiona?" anawaambia, ameinua glasi juani. "Hii ndiyo flavonoidi. Mmea unajitengenezea. Iko kwa karkade, iko kwa kitunguu chekundu, iko kwa majani ya mpera. Inasaidia mwili kuitumia sukari, isizagae kwa damu."

"Kwa hiyo inaponya?" mzee mmoja aliuliza.

"Ya baba, nimesema inasaidia. Wenye maabara bado wanachunguza. Tembe zako meza."

Lakini watu wanasikia wanachotaka. Banda likapewa jina, Kwa Flavonoidi, na wenye bodaboda wakawa wanakupeleka hapo bila kuuliza njia. Kwa Flavonoidi pakajaa. Namutebi akasimama mlangoni kwake, anahesabu vichwa vya upande wa pili huku anajifanya anakung'uta kitambaa.

Kitu kingine, Lilly alikuwa na mashine ya sukari aliyoachiwa na mama yake, ile ndogo ya kutoboa kidole. Wateja wake aliwapima. Namutebi aliposikia hivyo, wiki haikuisha, naye akawa na yake. Mpya. Ina kifuko cha zipu. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, kila anayeingia aione.

Kila jioni, Erifazi akiinama tu kupita chini ya turubai, kabla hajakaa, mkewe amemshika kidole. Pamba, spiriti kidogo, kidole kinafutwa kama kwa nesi, kinatobolewa, tone la damu kwenye kijiti.

"Kumi na saba!"

"Kwa Lilly asubuhi ilikuwa tano," akasema Erifazi.

Mtu huyu nampenda, lakini kuna maneno hayasemwi.

"Kwa Lilly tano."

"Ndiyo. Na juzi ilikuwa sita. Anasema ni ile karkade."

"Na kwangu ni kumi na saba."

"Labda ni mchana umekuwa mrefu, Mama Edrine."

 Namutebi alifunga kifuko chake cha zipu polepole, na kwa uso aliokuwa nao, tuliokuwepo tulianza kutafuta viatu. Hebu fikiria mwenyewe. Mume wako, kidole kilekile. Kwa mwanamke yule ni mzima. Akirudi kwako ni mgonjwa. Kama mashine ingekuwa na mdomo, ingesema nini zaidi ya hapo?

Alijaribu. Usiseme hakujaribu. Alikwenda mwenyewe Hai Jalaba, kwa mfanyabiashara anayeuza karkade nzuri, akachagua yenye rangi nzito. Akachemsha sufuria nzima, akaongeza maganda ya vitunguu, akaongeza majani ya mpera, ikatoka nyeusi kabisa. Tulionja sote. Meno yaliuma. Erifazi, kwa heshima ya ndoa, alikunywa vikombe viwili jioni kwa jioni.

Kumi na sita. Kumi na nane.

Siku ya hiyo kumi na nane Namutebi alibeba ile sufuria akaimwaga kwenye mfereji, mfereji ukaenda mwekundu hadi kwa wauza mkaa.

"Flavonoidi zake zinasikia jina lake peke yake?" akauliza, na hakuwa anamuuliza mtu.

Ndipo akaanza mambo ya tembe. Kwa akili yake ilikuwa hesabu rahisi. Kama mashine inasema kumi na saba, tembe moja haitoshi. Akampa mbili asubuhi. Baada ya siku chache, sukari bado iko juu kila jioni, akamwongezea na ya usiku. "Meza, mashine imesema," anamwambia, na Erifazi anameza, kwa sababu maisha yake yote amekuwa akimeza alichopewa. Kurudi kliniki Namutebi hakutaka. Kliniki wangeuliza, mzee anakula nini, anakunywa nini, na Erifazi kwa mdomo wake ule angesema Lilly. Namutebi hakuwa tayari kusikia jina hilo linasomwa kwenye kadi ya mume wake.

Kilichofuata soko zima lilikiona. Asubuhi Erifazi anatoka vizuri, chai kavu tumboni, anawahi malori. Jua likipanda kidogo, anaanza. Jasho linamtoka wakati wenye bodaboda bado wana makoti. Kisu kinatetemeka mkononi. Moyo unamwenda mbio, mwenyewe anajishika kifua. Ukimwuliza bei anakujibu kitu kingine. Halafu ghafla anaacha nanasi limekatwa nusu, anavuka kwenda Kwa Flavonoidi karibu anakimbia. Akitoka huko, baada ya muda mfupi, ni mtu mwingine. Anacheka, anapiga mluzi.

"Mzee amependa," akasema Kizza wa bodaboda, akajilaza kwenye pikipiki yake kwa kicheko. "Jasho, kutetemeka, moyo! Hii mimi nilipata mara moja, kwa msichana wa Gulu. Hakuna dawa yake."

Kilikuwa kichekesho kwetu. Kikavuka barabara na kumfikia Namutebi kabla ya mchana, na kwake hakikuchekesha. Aliunguza karanga siku hiyo. Tulikula matoke yenye mchuzi mchungu na hakuna aliyethubutu kusema.

Halafu Milly akaja na lile la pili.

"Nyabo, kaa chini."

"Nisemeshe nimesimama."

"Wale wengine wote anawapa kavu. Kavu kabisa, hata padri akija. Lakini bwana yako..." Milly akatazama nyuma kuona kama tunasikiliza. Tulikuwa tunasikiliza. "Bwana yako anawekewa sukari. Kijiko kimejaa. Anageuza mgongo, anaweka, anakoroga, anampa na zalabia juu, andazi zima. Wengine hawapewi."

 

Namutebi aliondoa kitambaa chake begani, akakikunja, akakiweka mezani. Akachukua kifuko cha zipu juu ya kabati.

"Anampa sukari mgonjwa wa sukari," alisema. "Anajifanya daktari mchana kutwa, kumbe ananiulia mume. Na ninyi mnakuja au mnakaa?"

Tulikwenda. Utakaaje? Sahani ziliachwa na chakula ndani. Kizza aliacha abiria amepanda nyuma. Tulivuka barabara kama msiba, Namutebi mbele.

Erifazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, shati limeloa mgongoni, macho yamelegea, mikono mbele yake imejaa utomvu wa nanasi. Alikuwa amefika muda si mrefu. Lilly alikuwa na birika la maji mkono mmoja. Mkono wa pili, glasi nyekundu, na kijiko kimesimama ndani yake.

"Kiweke chini hicho kijiko!"

Lilly akashtuka. "Dada Namutebi, karibu, kaa..."

"Sikai. Nimekuja kupima mume wangu mbele za watu. Ninyi wote si mnasema hapa anapona? Tazameni sukari anayolishwa!" Akakivuta kidole cha Erifazi, akakipangusa kwa pamba, akakitoboa. Erifazi hata hakusema ai. Mashine ikafikiri, ikalia.

"Kumi na tano!" Namutebi aliinyanyua juu, akaizungusha kila mtu aone. "Kumi na tano! Hiyo ndiyo flavonoidi yenu!"

Watu wakaguna. Wazee wawili wakaweka glasi zao chini. Uso wa Lilly ukabadilika, si kwa hasira, kwa kuchanganyikiwa.

"Haiwezekani. Anakuja hapa na nne, na tano. Anatetemeka, mimi naona ni njaa, mtu anafanya kazi tangu alfajiri bila kitu tumboni, ndiyo nampa kijiko kimoja na zalabia. Mama yangu pia alikuwa hivyo, akitetemeka tunampa tamu." Akainua birika. "Ngoja nimnawishe, tupime tena."

"Wewe hapana!"

Namutebi alimnyang'anya birika. Maji yalimwagika kwenye miguu yetu.

"Huyu amenioa mimi. Amekuja Masaka na mbuzi na kanzu, baba yangu amemkubali. Kama ni mikono yake kunawishwa, itanawishwa na mimi. Leta sabuni!"

Lilly akaleta sabuni.

Basi akamnawisha. Mbele ya soko zima, amechuchumaa kwenye matope, na ilikuwa kama anagombana na ile mikono. Alisugua kidole kwa kidole, katikati ya vidole, chini ya kucha, ule utomvu wa njano ukatoka na povu, nyuki mmoja akafuata maji chini. Akamwagia. Akasugua tena, maana Milly alisema mara mbili, na yeye hakukubali kushindwa hata kwa idadi ya kunawisha. Akamfuta kwa gauni lake mwenyewe. Kisha akachukua mashine yake mpya, kijiti kipya, kidole kinachofuata.

Mashine ikalia.

Hakuinyanyua safari hii. Aliitazama. Kizza akanyoosha shingo juu ya bega lake, akasoma kwa sauti, na sauti yenyewe ikafifia njiani. "Mbili... mbili nukta tisa."

Mtu yuleyule. Hajanywa tone. Nanasi alilokuwa anakata lilikuwa bado halijaingia nzi.

"Mashine imekufa," Milly akasema.

"Mashine haijakufa," akasema Lilly, na sasa ni yeye aliyekuwa anaangalia vile vidole vilivyosafishwa, halafu yale maji ya njano kwenye matope. "Ni nanasi. Dada, ulikuwa unapima nanasi."

Namutebi akafungua mdomo. Erifazi akawa anateleza kwenye kiti.

"Mama Edrine," akasema polepole, ulimi mzito, "mbona mko wengi?"

Hapo jasho lake lilikuwa linadondoka kidevuni. Na Namutebi, aliyekuja pale na hasira ya wiki nyingi, alimwona mumewe kwa mara ya kwanza bila Lilly katikati. Haya hayakuwa macho ya mtu aliyependa. Haya yalikuwa macho ya mtu anayezama.

"Sukari imemwishia. Unampa tembe ngapi?" Lilly aliuliza.

 Namutebi alinyoosha mkono, akaichukua ile glasi kutoka mkononi mwa Lilly, na kijiko chake, na sukari yake yote.

"Ongeza," akasema.

Lilly akaongeza kijiko cha pili, na cha tatu. Namutebi akamshika Erifazi kisogo, akamnywesha mwenyewe, kidogo kidogo, anamfuta kidevu, anasema naye kwa Kiganda maneno ambayo sitayaandika. Sisi tulisimama tu. Custom nzima inaendelea na kelele zake, honi, watu wanaita abiria. Glasi ilipokwisha akaitisha zalabia, akammegea. Baada ya muda mikono ya Erifazi ikatulia. Akatutazama wote, akaona aibu, akataka kusimama akauze mananasi.

"Kaa!" wakasema wanawake wote wawili, kwa pamoja, na wakatazamana vibaya kwa sababu hiyo.

Kizza aliwapeleka kliniki Hai Amarat, na safari hiyo hakudai kitu. Namutebi alikwenda na mashine kwenye kifuko, na huko akasema yote, mpaka la tembe za usiku, mpaka jina la Lilly. Nesi wa pale, Nyawal, mama mmoja mrefu asiyependa mzaha, alimweka Erifazi kitandani hadi jioni, anampima kila mara, kwa sababu tembe zile alisema zinaendelea kushusha sukari masaa mengi, na zalabia moja haiwezi kuzimaliza. Kisha akawageukia.

"Spiriti peke yake haiondoi sukari ya tunda kwenye kidole. Maji na sabuni, ukaushe, ndipo utoboe. Na tembe ni moja, na chakula. Ukiona namba inakutisha, unakuja kwangu. Huongezi mwenyewe. Mwingine angelala asiamke."

"Na ile karkade?" Namutebi akauliza. Kumbuka, mumewe ndio kwanza amepona, na yeye bado anauliza karkade. "Ile flavonoidi. Inafanya kazi au haifanyi?"

"Anywe, bila sukari. Huenda inasaidia kidogo, watu wanaifanyia utafiti. Na kwa sababu anakunywa hiyo, hanywi soda wala chai yenu ya Juba, na hilo ni kubwa. Lakini haishiki nafasi ya tembe."

"Kidogo," Namutebi akarudia.

Alitoka pale amelishika neno hilo kama risiti. Njiani kurudi, Kizza anasimulia, alimwambia Erifazi mara kadhaa kwamba nesi amesema ni kidogo tu.

Kwa hiyo mwisho wake si kwamba walipatana wakakumbatiana. Lilly mwenyewe hakufurahi sana kusikia kwamba zile nne na tano zake zilikuwa tembe zikifanya kazi, si maua yake peke yake. Alinuna siku mbili, akawaambia wateja wake ukweli, wawili watatu wakahama, wengi wakabaki. Na Namutebi hakumwomba mtu msamaha. Alimpelekea Lilly sahani ya matoke na karanga, imefunikwa vizuri, akasema ni chakula kilichobaki. Saa nne asubuhi, chakula hakijaiva kwa mtu yeyote. Kilibaki wapi?

Sasa ukipita Custom asubuhi utaona. Erifazi ameshakula kwa mkewe, na tembe yake moja. Jua likipanda anaacha kisu, anavuka kwenda Kwa Flavonoidi, anatembea taratibu kama mtu na akili zake. Na kabla hajakaa, Namutebi amefika kutoka upande wa pili, hoteli kaiacha imejaa watu wanaojipakulia wenyewe, mkononi ana birika lake. Jipya. La rangi ya kijani, kubwa kuliko la Lilly.

"Dada, maji yako hapa, yamejaa," Lilly anasema.

"Ya kwako nawishia wazee wako."

Anamnawisha mumewe, mara mbili, anamkausha, anampima. Akishasoma namba anaitangaza kwa sauti, ifike hadi stendi. Kisha anasimama pembeni na birika lake, mkono kiunoni, anamtazama Lilly akimimina ile karkade nyekundu kwenye glasi, hadi tone la mwisho, kuhakikisha hakuna kijiko.